Kiungulia chaweza kudhuru mapafu

Mkazi wa Kibokoni, Mombasa, amekula biriani na achari saa nne za usiku. Baada ya chakula ameshuka barazani, akapiga gumzo na wenzake kwa vikombe viwili vya kahawa, kisha akarudi kulala. Saa nane anazinduka akikohoa, pumzi zimembana na mdomoni ana uchachu. Asubuhi anakwenda kununua dawa ya kikohozi.

Wagonjwa wa namna hii si haba. Wengi hutibu kifua kwa miezi bila ya kufikiria kwamba huenda chanzo cha taabu yao kiko tumboni.

Mwisho wa umio, yaani njia ya chakula, pana msuli wa mviringo unaojifunga ili asidi ya tumbo isirudi juu. Msuli huo ukilegea, asidi hupanda na mtu huhisi kiungulia. Unene, ujauzito, sigara na vyakula vya mafuta mengi huzidisha tatizo hili.

Asidi huathiri mapafu kwa njia mbili. Kwanza, mtu akilala, matone yake huweza kufika kooni na kuteleza hadi kwenye njia ya hewa, yakaiwasha na kuivimbisha. Pili, umio na mirija ya hewa huhudumiwa na neva moja, iitwayo vagasi. Asidi ikiuchoma umio, mirija huweza kubana ingawa hakuna tone lililoingia mapafuni.

Pumu nayo huweza kuzidisha kiungulia, na baadhi ya dawa zake, kama theofilini, huulegeza msuli huo.

Hata hivyo, si kila pumu hutokana na tumbo. Mwaka wa 2009 ilitangazwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliohusu wagonjwa 412 wa pumu ambao hawakuwa na dalili kubwa za kiungulia. Dawa ya kupunguza asidi haikuwapa nafuu ya pumu kuliko dawa bandia. Kwa hivyo usimeze dawa hizo kwa kubahatisha, wala usiache dawa yako ya pumu.

Ufanye nini? Kula chakula cha usiku mapema, na ungoje saa tatu kabla ya kulala. Punguza kiasi cha chakula, mafuta, na kahawa ikiwa yakudhuru. Usikaze msuli au kikoi tumboni. Inua kichwa cha kitanda kwa vipande vya mbao vya sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hukunja tumbo tu. Lalia ubavu wa kushoto. Acha sigara, na upunguze uzito ukiwa mnene.

Wakati wa Ramadhani, futuru kidogo kidogo, na usirudi kulala mara tu baada ya daku.

Kikohozi kikizidi wiki mbili, kapimwe kifua kikuu kwanza. Muone daktari upesi ukikonda bila sababu, chakula kikikwama, ukitapika damu au ukipata choo cheusi. Maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkononi au tayani usiyaite kiungulia: huenda ni moyo. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.