Kindu: Kulipa mwezi mzima chumba cha mazoezi, ni faida ao hasara?

KINDU, Maniema – Kabla ya kutoa franka zake kulipia mwezi mzima katika chumba cha mazoezi ya mwili, mkaaji wa Kindu anapashwa kujibu swali moja: atakwenda mara ngapi? Hamu aliyo nayo siku ya kulipa haitoshi kuwa jibu. Zinazohesabiwa ni siku atakazofika kweli, pamoja na mvua, kazi, watoto, malaria na mto Lualaba unaokata mji vipande viwili. Hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha kama feza zimenunua afya ao zimepotea bure.

Vijana wanakiita chumba hicho “sale”, na malipo ya mwezi wanayaita “abonema”, maneno yaliyoazimwa kutoka Kifaransa. Lakini jambo lenyewe haliwahusu tu vijana wanaotafuta kifua kipana. Mwezi wa sita 2024, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitangaza kwamba mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani, yaani karibu watu bilioni 1,8, hawakufikia kipimo cha mazoezi ambacho mwili unahitaji. Mtu asiyejituma mwili anajiweka karibu na magonjwa ya moyo, kiharusi, kisukari cha aina ya pili na kansa kama ya matiti na ya utumbo mpana.

Kipimo chenyewe kinajulikana. Miongozo ya OMS ya mwaka 2020 inaomba mtu mzima apate kila juma dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kadiri, kama kutembea haraka, ao dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, kama kukimbia. Juu ya hayo, inaomba mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa juma. Miongozo hiyo haisemi popote kwamba ni lazima kulipa chumba.

Nani tayari anatoka jasho

Mjini Kindu wako watu ambao hawana sababu ya kununua jasho. Anayesukuma baiskeli yenye mizigo kutoka Kalima ao Kibombo, mpiga kasia anayevusha abiria kati ya Alunguli na Kasuku, mama anayerudi kutoka shamba na kikapu mgongoni, mjenzi, mbeba mizigo kwenye bandari ao kituo cha treni: hao wote wanapita dakika 150 kabla juma halijafika katikati. Miili yao inaomba zaidi maji, chakula cha kutosha na siku ya kupumzika, kwa kuwa mzigo uleule kila siku unachosha mgongo na magoti.

Lakini wako wengine, na hesabu yao inaongezeka katika miji yote. Mfanyakazi wa ofisi za jimbo, mwenye kuhesabu feza dirishani, mwenye duka anayekaa kwenye kiti tangu asubuhi, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu anayeinama juu ya vitabu na simu. Hata dereva wa pikipiki ni wa kundi hilo: anachoka kwa jua na vumbi, lakini miguu yake haitembei. Na abiria wake naye yuko hivyo hivyo, kwa sababu njia ambayo wazazi wake walikuwa wanakwenda kwa mguu, yeye anaimaliza akiwa amekaa. Kwa watu hao, swali la abonema lina maana.

Utafiti wa vyumba vitatu vya Marekani

Mwaka 2006, wataalamu wawili wa uchumi, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, walitoa katika jarida la American Economic Review utafiti juu ya watu wanaolipa vyumba vya mazoezi bila kwenda. Walifuata wanachama 7 752 wa vyumba vitatu vya Marekani kwa muda wa miaka mitatu, wakitazama daftari za kuingia.

Waliochagua kulipa kwa mwezi walikuwa wanatoa zaidi ya dola 70, lakini kwa wastani walifika mara 4,3 tu kwa mwezi. Hivyo kila siku ya mazoezi iliwagharimu zaidi ya dola 17. Mlangoni palepale kulikuwa na karatasi ya kuingia mara kumi kwa dola 100, yaani dola 10 kwa mara moja. Waliochagua abonema wakiamini wameokoa feza, wengi wao ndio walilipa zaidi.

Watafiti walieleza kwamba mtu anapolipa, anamhesabia mtu atakayekuwa kesho: mwenye nguvu, asiyechoka, asiye na mgeni nyumbani. Kesho inapofika, anayeamka ni mtu yuleyule wa jana.

Kuna kitu kingine walichoona. Wanachama waliokuwa wamekwisha kuacha kufika waliendelea kulipa zaidi ya miezi miwili kabla ya kufuta uanachama, kwa kuwa feza zilikuwa zinakatwa zenyewe. Pale ambapo malipo yanafanywa mkono kwa mkono, hatari hiyo ni ndogo: mwezi ukiisha, mtu anaamua upya. Mtego unaofanana na ule wa Marekani ni kulipa miezi mitatu ao sita mbele kwa ajili ya punguzo.

Hesabu kwa franka

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kwa mfano tu, chumba kinaomba franka 30 000 kwa mwezi, ao franka 3 000 kwa kila siku mtu anayofika. Anayefika mara kumi anakuwa sawa kwa njia zote mbili. Anayefika mara 12 analipa franka 2 500 kwa kila siku, na abonema imemfaa. Anayefika mara nne amelipa franka 7 500 kwa kila siku. Kama angelipa kwa siku, angetoa franka 12 000 tu, na franka 18 000 zingebaki kwa chakula ao kwa masomo ya watoto.

Punguzo nalo lina hesabu yake. Kama chumba hichohicho kinaomba franka 75 000 kwa miezi mitatu, mwanachama anaona ameokoa franka 15 000. Lakini akiacha kufika baada ya mwezi wa kwanza, ametoa franka 75 000 kwa kitu ambacho kingemgharimu franka 30 000.

Kindu ina hesabu nyingine ambayo haiko kwenye karatasi ya bei. Komini za Kasuku na Mikelenge ziko upande wa kushoto wa mto, Alunguli iko upande wa kuume. Mkaaji wa Alunguli anayelipa chumba cha ng’ambo analipa pia mtumbwi, kwenda na kurudi. Mtumbwi ukiwa franka 500 kwa mfano, mara 12 za mwezi zinaongeza franka 12 000, na ile bei ya 30 000 inakuwa 42 000. Tena kuna saa ya kungoja, upepo, na giza la jioni juu ya maji. Chumba kilicho karibu na nyumba ao kazini, hata kama vyombo vyake ni vichache, mara nyingi kinashinda chumba kizuri kilicho mbali.

Kalenda nayo inataka kuangaliwa. Maniema ni jimbo lenye Waislamu wengi, na anayefunga Ramadhani anajua kwamba mwendo wake wa mazoezi unabadilika mwezi huo. Vilevile miezi ya mvua nyingi, wakati wa mitihani, na siku ambazo mshahara umechelewa. Mwezi wa namna hiyo unafaa zaidi kulipwa kwa siku.

Feza inanunua nini hasa

Chumba kizuri kinauza vitu ambavyo ni vigumu kupata nyumbani: vyuma vinavyoongezwa uzito kidogo kidogo, paa wakati wa mvua, kocha anayesahihisha mgongo uliopinda, na wenzako wanaouliza kwa nini jana hukuonekana. Hilo la mwisho lina thamani kubwa, kwa kuwa wengi hawashindwi na chuma, wanashindwa kutoka nyumbani.

Mashine zinazong’aa hazipashwi kumpofusha mtu. Mashine ya kukimbilia inasimama umeme unapokatika. Vyuma vya mikono havihitaji umeme, na vile vinavyotengenezwa kwa fimbo ya chuma na makopo yaliyojazwa simenti vinafanya kazi ileile, kwa sababu msuli unahisi uzito, haujui bei. Cha kuangalia ni kama makopo yamekazwa vizuri ili yasimwangukie mtu mguuni.

Kwa wanawake wengi, swali la feza linakuja baada ya lile la heshima na usalama. Je, kuna saa za wanawake? Nani anafundisha? Njia ya kurudi jioni ina watu? Mama asiyepata jibu zuri atalipa mara moja na hatarudi.

Kabla ya kulipa ni vizuri pia kuuliza mambo haya: kocha anakuwepo saa gani, chumba kinajaa wakati gani, mafuta ya jenereta yanalipwa na nani, maji na choo viko, na mtu akilazwa kwa malaria juma mbili, je, siku zake zinarudishwa? Mwenye chumba anayejibu wazi tangu mwanzo ni ishara nzuri.

Njia za bila kulipa

Asiye na franka za abonema hajafungiwa mlango. Nusu saa ya kutembea haraka, siku tano kwa juma, inatimiza dakika 150. OMS inakubali pia dakika zinazokusanywa kidogo kidogo, kwa hiyo kushuka pikipiki mbali kidogo na ofisi kunahesabiwa. Mpira wa jioni, ngoma, shamba na salongo ya kufyeka majani ni mazoezi vilevile.

Kwa misuli, pompe, kuchuchumaa na kusimama, na kunyanyua mzigo vinatosha kwa mtu anayeanza. Bido ya lita 20 iliyojaa maji ina kilo 20: ni chuma ambacho karibu kila nyumba inacho. Anayeichota kila siku kisimani, mara nyingi mama ao binti, tayari ameanza mazoezi zamani.

Anayetaka kupunguza tumbo ajue pia kwamba chumba peke yake hakitoshi. Kutembea haraka nusu saa kunatumia kadiri ya kalori 150 kwa mtu wa kilo 70, na chupa kubwa ya bia ya sentilita 72 inarudisha karibu 300. Chupa moja baada ya mazoezi inafuta saa nzima ya njia.

Afya kwanza

Kabla ya kuanza mazoezi makali, hasa baada ya miaka 40, kupima tension kwenye kituo cha afya ni hatua ya maana. OMS inakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye tension ya juu hawajui kama wanayo. Mwenye homa apumzike mpaka apone. Kwa kuwa Kindu iko karibu na ikweta na joto lake halina likizo, asubuhi mapema ao jioni ndizo saa nzuri, na maji yawe karibu.

Vidonge na sindano za kukuza misuli haraka, ambazo mara nyingine zinauzwa kimya kimya, ni za kukataa. Dawa za namna hiyo zinaweza kuharibu moyo na maini, na kwa mwanaume kupunguza uwezo wa kuzaa. Maharagi, kalanga, mayai na samaki wa Lualaba vinajenga misuli kwa bei ambayo nyumba inaelewa.

Kwa anayesitasita, njia iliyo salama ni kulipa kwa siku mwezi wa kwanza, kama chumba kinakubali, na kuandika alama kwenye kalenda kila siku anapofika. Mwisho wa mwezi anagawa bei ya abonema kwa bei ya siku moja. Alama zikipita hesabu hiyo, alipe abonema bila wasiwasi, lakini mwezi mmoja mmoja. Zikiwa chini yake, aendelee kulipa kwa siku, ao anunue viatu vizuri na kutembea. Na kama chumba kinakataa malipo ya siku, ajaribu kwanza kutembea nusu saa mara tatu kwa juma mwezi mzima. Aliyeshindwa njia isiyo na malipo, iliyo mbele ya mlango wake, ana sababu ndogo ya kuamini kwamba ataweza ile ya kulipia iliyo ng’ambo ya mto.