Faili Zilizohamishwa na Usomaji wa Tamthilia ya Kihistoria

Mwalimu, mtahiniwa anapotakiwa kujadili uhalisi wa tamthilia ya kihistoria, aghalabu hukimbilia kuilinganisha na "ukweli wa historia". Kabla ya kumkubalia, muulize: ukweli huo umehifadhiwa wapi, na uliandikwa na nani?

Hebu tuangalie Mzalendo Kimathi, tafsiri ya tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo. Toleo asilia la Kiingereza lilitoka 1976, miaka 19 baada ya Dedan Kimathi kunyongwa. Wakati huo rekodi nyingi za kikoloni hazikuwa Kenya. Mwaka 1961 waziri wa makoloni wa Uingereza aliagiza kwamba nyaraka ambazo zingeiaibisha serikali yake zisikabidhiwe nchi zinazopata uhuru. Nyingine zilichomwa, takriban faili 1,500 za Kenya zikasafirishwa Uingereza. Kenya iliziomba 1967, ikanyimwa. Zilifichuka 2011 kutokana na kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, zikiwemo gharama za kesi, kwa ajili ya walalamishi 5,228. Kuanzia 2012 faili zilifunguliwa kwa wasomaji huko Kew, London. Lakini kufunguliwa si kurudishwa: mwenye kutaka nakala asilia hana budi kuvuka bahari.

Haya yanatufunza nini kuhusu uhakiki?

Kwanza, watunzi waliandika huku kabati la kumbukumbu likiwa limepunguzwa. Walizuru eneo la Nyeri alikozaliwa Kimathi, wakawasikiliza waliomfahamu. Fasihi simulizi ilibeba kile ambacho karatasi zilikinyima.

Pili, faili nayo ni matini. Ina mwandishi, hadhira na lengo. Hata rekodi za kesi ya Kimathi, zilizochapishwa kitabuni 2017, ni maandishi ya mahakama ya kikoloni. Afisa aliyemwita mpiganaji "gaidi" alikuwa anateua msamiati, sawa na mtunzi anayemwita "shujaa".

Tatu, mtahiniwa asiseme tu kwamba tamthilia "inapotosha" pale inapotofautiana na faili. Aeleze tofauti hiyo inajenga dhamira gani, na sauti ya nani inasikika. Vilevile asiigeuze tamthilia kuwa ushahidi wa mahakamani.

Tunadai faili zirudi ili tuzihoji wenyewe, wala si ili zitunyamazishe.

Zoezi: "Mtunzi wa tamthilia ya kihistoria hafungwi na kumbukumbu zilizoandikwa." Jadili kwa kurejelea tamthilia uliyosoma. (alama 20)