Selimundu: Ugonjwa wa Damu Unaoanzia Vidoleni

Selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, ni ugonjwa wa damu wa kurithi, lakini kwa mtoto mchanga aghalabu hujionyesha kwanza mifupani. Kwa miezi 6 hivi ya mwanzo humlinda himoglobini aliyozaliwa nayo. Ikishapungua, chembe nyekundu hujikunja kama mundu, zikaziba mishipa myembamba, na mifupa midogo ya mikono na miguu ikakosa damu. Vidole huvimba na kupata moto. Mtoto aliyekwisha kujua kutambaa hukataa kuweka kiganja chini. Ni rahisi kudhani ameanguka, kumbe anahitaji kupimwa himoglobini. Hali ikijirudia, kidole huweza kudumaa, na miaka ya baadaye kichwa cha mfupa wa paja huweza kufa, mtu akabaki akichechemea.

Hatari kubwa zaidi imejificha. Wengu, unaochuja bakteria katika damu, nao huzibwa hivyo hivyo, na mara nyingi huwa umekwisha kazi kabla mtoto hajatimiza miaka 5. Utafiti wa Kilifi, Pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa bakteria walioongoza kushambulia damu ya watoto hawa ni nimokoka, kisha salmonela. Salmonela huvamia pia mfupa uliokufa, usaha ukatunga ndani. Homa ya mtoto huyu haingojei kesho.

Hata Keroka, mji wa Kenya ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira, katika nyanda za juu, hauko mbali na ugonjwa huu. Mtafiti Anthony Allison, aliyepima damu za Wakenya mwaka 1949, aliikuta jeni ya selimundu kwa wingi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria nyingi, kwa kuwa mwenye jeni moja tu hukingwa dhidi ya malaria kali. Lakini kutoka Keroka hadi ziwani si mbali, na watu huoana. Wazazi wote wawili wakiwa na jeni moja moja, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mgonjwa. Kumlaumu mama peke yake ni dhuluma tupu.

Mtoto mgonjwa hupewa penisilini mara 2 kwa siku hadi miaka 5, pamoja na chanjo ya nimokoka, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011. Dawa ya haidroksiyurea, inayorudisha ile himoglobini ya kichanga, ilijaribiwa Kenya, Uganda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Angola. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha maumivu, maambukizi na vifo vikipungua. Dozi yake hufuata uzito, na damu hupimwa mara kwa mara.