Majalada ya Kale Ukutani

Katika nyumba za udongo za Kitui na Makueni, aghalabu kuta za sebule zilipambwa kwa kurasa za magazeti zilizobandikwa kwa uji mzito wa unga wa ngano. Kurasa hizo zilizuia vumbi. Jalada lenye picha lilipewa mahali pa mbele.

Miongoni mwa majalada yanayostahili kutafutwa leo ni ya Joe, jarida la ucheshi lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst, likakoma mwaka 1979. Joe mwenyewe ni mlalahoi wa mjini anayeyakabili maisha kwa kicheko.

Karatasi ya bei nafuu hutengenezwa kwa rojo la mbao lenye asidi, hivyo hugeuka manjano ipigwapo na jua. Uji wa ngano nao huwaalika mende. Heri fremu yenye kioo, mbali na dirisha na moshi wa jikoni.

Ila jalada lisichanwe. Ndani ya Joe mlichapishwa hadithi fupi, na mkusanyaji anayebakisha picha pekee huiangamiza fasihi kuliko mchwa. Jalada lipigwe picha, nakala hiyo ndiyo itundikwe. Jarida lenyewe lihifadhiwe zima.