Malaika wa Krismasi: Halisi au Bandia?

Akina mama wenzetu wa Ujerumani wana vitu ambavyo hutunza kabatini mwaka mzima na kuvitoa wakati wa Majilio. Ni malaika wadogo wa mti, kila mmoja ameshika ala yake: zeze, filimbi au ngoma. Mama huanza na mmoja, na kila Krismasi akaongeza mwingine, mpaka mezani kukawa na bendi nzima. Akizeeka, humwachia binti yake.

Wanaosifika sana ni wale wa karakana ya Wendt & Kühn, katika mji mdogo wa Grünhainichen, jimbo la Saxony. Eneo hilo la milima liliishi kwa kuchimba madini. Migodi ilipofifia, familia nyingi ziligeukia kukereza mbao. Mwaka 1915, nchi ikiwa vitani, wanawake wawili, Grete Wendt na Margarete Kühn, walianzisha karakana yao. Malaika wanamuziki walianza kutengenezwa mwaka 1923, na mwaka 1937 kazi ya karakana hiyo ilipata medali ya dhahabu katika Maonyesho ya Dunia ya Paris. Serikali ya Ujerumani Mashariki iliitaifisha mwaka 1972, nayo ikarudi kwa familia mwaka 1990.

Malaika mmoja huunganishwa kwa vipande vingi vidogo vya mti, kisha hupakwa rangi kwa mkono. Ndiyo maana bei yake si ndogo. Na penye bei nzuri, wadanganyifu hawakosi.

Tuwatambueje?

Kwanza, tuhesabu madoa. Malaika wa Grünhainichen ana mabawa ya kijani yenye madoa meupe 11. Yakiwa 9 au 14, huyo si wao. Lakini tusiwe wepesi wa kulaumu: zipo karakana nyingine zinazotengeneza malaika wa namna yao, kwa jina lao wenyewe, na hizo hazimdanganyi mtu. Udanganyifu ni kuuza kitu kwa jina la mwingine.

Pili, tumshike mkononi. Mti una nyuzi zake, nazo mara nyingi huonekana pale ambapo rangi haikufika, kama chini ya kitako. Plastiki iliyomiminwa kwenye kalibu huacha mshono ubavuni.

Tatu, tutazame uso kwa makini. Macho na mdomo uliochorwa kwa brashi hutofautiana kidogo kati ya malaika na mwenzake. Kumi wakifanana kama picha zilizopigwa chapa, tuwe na mashaka.

Nne, tumwulize muuzaji alikompata. Mwenye mali halali hujibu bila kukasirika, na hutoa risiti. Anayetuharakisha, akisema ni wa mwisho na mteja mwingine yuko njiani, tumwache amuuzie huyo mteja.

Tukumbuke pia kwamba kitu kuwa cha zamani si dalili ya kuwa bandia. Malaika wa miaka ya 1972 hadi 1990 walitoka karakana ileile, ingawa ilikuwa mali ya serikali.

Wengine husema, kuna ubaya gani kama kinapendeza? Kikiuzwa kwa jina lake na bei yake, hakuna ubaya. Lakini tunapolipa bei ya halisi kwa kitu bandia, fedha ya nyumbani imepotea, na yule mama aliyeinama na brashi siku nzima amenyang'anywa jasho lake. Sisi tunaoshona, kusuka na kufinyanga tunajua uchungu huo.

Na jambo moja kwa wenye watoto wadogo: malaika hawa, halisi au bandia, ni pambo. Fidla au filimbi ndogo hivyo ikimegeka inaweza kumkaba mtoto. Basi tuwaweke juu, watoto wawafurahie kwa macho, na risiti tuitunze ndani ya kasha lao.