Kompyuta ya kujiundia inastaki? Soma hii kabla ya kuovakloki

Aliyejiundia kompyuta ya mezani mwaka 2017 au 2018 sasa yuko njia panda. Gemu mpya zinaganda, kuhariri video ni mateso, na tangu Oktoba 14, 2025 Microsoft imesitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10.

Wengi hukimbilia kuovakloki, yaani kuisukuma prosesa ifanye kazi kwa kasi kubwa kuliko ile iliyopangwa kiwandani. Haiuzwi dukani, hivyo inaonekana ni ya bure. Kumbe ina gharama yake, na gharama hiyo ni joto.

Ovakloki inafanyaje kazi?

Prosesa hufuata mapigo, kama wachezaji wanavyofuata ngoma. Kasi yake hupatikana kwa kuzidisha namba mbili: pigo la msingi, ambalo kwa kawaida ni MHz 100, na kizidishio. Mara 36 unapata MHz 3,600, yaani GHz 3.6. Ukiingia kwenye BIOS ukapandisha kizidishio hadi 39, inakuwa GHz 3.9.

Si kila kompyuta inakubali. Kwa Intel, kwa kawaida ni prosesa zenye herufi K kwenye jina, tena zikiwa juu ya mazabodi za daraja la Z. Ryzen nyingi za AMD ziko wazi, lakini mazabodi za bei nafuu kama za A320 haziruhusu.

Zamani ililipa

Mwaka 1998, Intel ilitoa Celeron 300A ya MHz 300. Watu waliifikisha MHz 450 kwa kupandisha tu pigo la msingi kutoka MHz 66 hadi 100. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 50 bila kununua kitu.

Siku hizi kiwanda kimeshakula sehemu kubwa ya faida hiyo, kwa sababu prosesa hujiongezea kasi yenyewe kazi inapozidi. Ryzen 5 1600 ya mwaka 2017, kwa mfano, huanzia GHz 3.2 na kujipandisha hadi 3.6. Ukiisukuma ikafika 3.9, umepita kilele chake cha kawaida kwa kama asilimia 8 tu.

Hesabu ya joto

Kasi ikipanda, mara nyingi prosesa huhitaji volti zaidi ili isizime. Sasa hapo ndipo penye shida. Umeme unaotumika hupanda kulingana na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Ukiongeza kasi asilimia 10 na volti asilimia 10, matumizi ya umeme ya prosesa yanapanda kwa takriban asilimia 33. Karibu wote huo unageuka joto.

Feni ya kawaida haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba. Prosesa inayofika nyuzi 80 kwenye chumba cha nyuzi 22 itakaribia 90 kwenye chumba cha nyuzi 32, joto ambalo watu wa Dar es Salaam na Mombasa wanalijua vizuri. Ikigonga kikomo, inapunguza kasi yenyewe ili isiungue, na faida yote inapotea.

Volti nazo si za kuchezea. Mwaka 2024, Intel ilieleza kuwa volti iliyopanda kupita kiasi ilichangia kuyumba kwa baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na 14, ikatoa sasisho na kuongeza waranti kwa miaka 2.

Hatari nyingine haionekani. Kompyuta iliyosukumwa kupita kiasi inaweza kucheza gemu saa nzima bila tatizo, halafu ikaharibu faili la kazi kimyakimya.

Hela iende wapi kwanza?

Kabla ya hela, angalia RAM. Vipande vya DDR4 vilivyoandikwa 3200 mara nyingi huwaka kwa 2133 au 2400 hadi mwenyewe awashe XMP kwenye BIOS. Wapo wanaotumia kompyuta miaka bila kujua kasi waliyoilipia imelala. Vipande viwili pia hufanya kazi vizuri kuliko kimoja chenye ukubwa wa vyote viwili.

Kama Windows bado inakaa kwenye diski ya kuzunguka, SSD ndiyo itakayoleta tofauti ya haraka zaidi katika kuwasha na kufungua programu.

Baada ya hapo ndipo ije prosesa. Mwaka 2022, AMD iliruhusu mazabodi za kwanza za AM4, zikiwemo za B350 na X370, kupokea Ryzen 5000. Mwenye Ryzen 5 1600 anaweza kuweka Ryzen 5 5600 yenye wati 65 zilezile, inayofika GHz 4.4. Tena hiyo imo kwenye orodha ya Windows 11, wakati 1600 haimo.

Umeme usikatike hapa

Kabla ya kubadili, BIOS lazima isasishwe prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Hakikisha kwanza modeli kamili ya mazabodi kwenye tovuti ya mtengenezaji. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, mazabodi inaweza kufa. Mwenye UPS aitumie. Asiye nayo aazime.

Bado unataka kusukuma?

Weka nakala ya faili zako, safisha vumbi na ubadilishe pasta iliyokauka juu ya prosesa. Panda MHz 100 kwa wakati, kisha ifanyishe kazi nzito kwa saa kadhaa huku ukifuatilia joto. Ikizima au ikigoma, rudi hatua moja nyuma. Ikikataa kuwaka kabisa, chomoa waya wa umeme, toa betri ndogo ya mazabodi kwa dakika chache, na mipangilio itarudi ya kiwandani.

Prosesa ikiungua kwa kuovakloki, usitegemee waranti. AMD inasema wazi kuwa uharibifu wa aina hiyo haulipiwi.