Mkarafuu na Ndugu Zake wa Vijitoni

Hapa Maguu, mtoto akiulizwa asili ya karafuu hujibu, "Unguja." Nasi walimu twaliwafundisha hivyo, tukakosa. Mti huo ni wa visiwa vya Maluku, mashariki ya mbali. Wafaransa waliupeleka Mauritius yapata mwaka 1770. Mwanzoni mwa karne ya 19 ukaletwa Unguja, na Sayyid Said akaamuru upandwe, kazi iliyofanywa kwa jasho la watumwa. Kimbunga cha 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikatangulia. Jina nalo ni la Kiarabu.

Lakini la ajabu li karibu nasi. Mizambarau ya mwitu iotayo kandokando ya vijito, ambayo watoto hula matunda yake hata ndimi zikageuka rangi, ni ya jamii moja na mkarafuu. Uchunguzi wa chembe za urithi uliotangazwa mwaka 2022 waonyesha ya kuwa jamii hiyo, yenye aina zaidi ya 1,000, ilianza pande za Australia na Guinea Mpya yapata miaka milioni 51 iliyopita, ikaenea magharibi hata Afrika, wala hapakuwa na mtu wa kuipanda.

Mwalimu na achume ua la mzambarau lisilofumbuka bado, aliweke kando ya karafuu ya dukani, watoto watazame.